Baiti 20: mjadala wa ruhusa, skima na kimya

Watu watatu niliowakutanisha hapa, kazini huwa hawakai meza moja. Developa hukaa dirishani, vipokea sauti masikioni, na ukimwita mara mbili hasikii. Mtunza hifadhidata hukaa jirani na chumba cha seva, kajifunga sweta hata Januari ambapo Dar es Salaam nzima inachemka. Mkaguzi huja mara mbili kwa mwaka na begi lake la ngozi, akija kila mtu anakumbuka kazi aliyoiacha kiporo. Mimi nimekaa upande wa dirishani miaka mingi na upande wa sweta kidogo, kwa hiyo sauti zao nazijua. Mpangilio wa maneno ni wangu.

Jambo lenyewe ni dogo. Developa ameambiwa atoe skima ya hifadhidata ya mauzo, yaani umbo la majedwali na funguo zake bila mstari hata mmoja wa data, ili ijengwe seva ya majaribio. Akaandika amri ya mysqldump na kuiwekea --no-data. Skrini ikamjibu kwamba amekataliwa, anahitaji haki iitwayo PROCESS. Akavua vipokea sauti.

DEVELOPA: Shikamoo dada.

MTUNZA: Marahaba. Shikamoo ya Ijumaa saa kumi jioni ni ya kuomba root, akaunti kuu ya seva.

DEVELOPA: Dakika tano tu dada, kisha unabadilisha nywila. Data ya mtu siitaki. Nataka ramani ya nyumba, vyombo vilivyomo ndani havinihusu. Halafu juzi umeniandikia GRANT ALL kwa mkono wako. Haki zote maana yake nini kama bado nakataliwa?

MTUNZA: Haki zote juu ya hifadhidata ile moja. PROCESS ni haki ya seva nzima. Hata nikiamua kukupa kwa hifadhidata ya mauzo peke yake, MySQL itaikataa amri yangu mimi na kusema nimechanganya haki za hifadhidata na haki za seva. Wewe umepewa funguo zote za fleti yako, sasa unalalamika kwamba hazifungui chumba cha jenereta.

DEVELOPA: Na kwenye chumba cha jenereta mimi nafuata nini? Mwaka 2019 amri hii hii, herufi kwa herufi, ilikuwa inapita.

MTUNZA: Ilikuwa inapita. Julai 2020 yakatoka matoleo mawili, 5.7.31 na 8.0.21. Tangu hapo lile jedwali la ndani linaloitwa FILES, linaloorodhesha mafaili ya seva, halisomwi tena na asiye na PROCESS. Na mysqldump ina mazoea ya kulichungulia ili iandike habari za tablespace, mahali data inapolazwa kwenye diski. Hukuziomba wewe habari hizo. Programu imekuombea bila kukuuliza. Ongeza --no-tablespaces uende zako nyumbani.

DEVELOPA: Basi ujumbe umenidanganya! Umeniambia ninahitaji PROCESS, kumbe ninachohitaji ni kuacha kuuliza swali nisilolitaka.

Naingilia kidogo, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotelea. Ujumbe wa kukataliwa husema kilichopungua, ila hausemi kama kilichopungua unakihitaji. Mtu akiusoma kwa haraka anaona jina la haki, anamwandikia msimamizi, msimamizi naye amechoka, anatoa haki, kazi inaisha. Miaka mitatu baadaye akaunti ya kutolea skima ina haki ambazo hakuna anayekumbuka zilitolewa kwa sababu gani, wala anayethubutu kuzifuta.

DEVELOPA: Lakini tuseme ungenipa hiyo PROCESS. Ingekuunguza wapi?

MTUNZA: Ungeweza kuona kila amri inayoendeshwa kwenye seva muda huo, ya kila mtu, pamoja na maandishi yake. Hospitali ikiwa inashiriki seva hiyo hiyo na duka, mwenye duka anaona jina la mgonjwa likipita ndani ya amri ya UPDATE. Hajafungua jedwali lolote. Kasimama tu korido na kusikiliza.

MKAGUZI: Wanangu, samahani kwa kudandia. Mimi nilianza na leja za karatasi, na hata huko karani wa mapokezi hakupewa ufunguo wa sefu kwa sababu anakwenda kuhesabu makabati. Hilo kwenye kompyuta halikuanza jana. Saltzer na Schroeder waliliandika mwaka 1975: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa haki chache kabisa zinazotosha kuimaliza. Mwaka uliofuata Griffiths na Wade, watu wa IBM, wakachapisha utaratibu wa GRANT na REVOKE waliouunda kwa ajili ya System R. Amri ya juzi ya dada yako ina umri wa kukuzaa.

DEVELOPA: Mzee, kwa heshima, nidhamu hiyo ya 1975 ndiyo inayoleta nywila ya root kwenye kundi la WhatsApp. Nimefanya kazi ofisi tatu, sitazitaja. Zote zilikuwa na sera nzuri ya haki chache, na zote nywila ya root ilikuwa kwenye simu za watu, kwa sababu kuomba haki moja halali kulichukua siku nne na sahihi mbili. Ukiubana sana mlango, watu wanaingilia dirishani, na dirishani hakuna daftari la wageni.

Hoja hii nimeipa uzito kuliko alivyotaka Mtunza. Ni kweli. Haki ndogo inayopatikana kwa siku nne inashindwa na haki kubwa inayopatikana kwa dakika moja, na kila developa anajua namba ya simu ya yule mwenye haki kubwa.

MTUNZA: Kundi la WhatsApp silitetei. Nasema hivi: kabla hujaomba chochote, jua kwanza wewe ni nani. Umeendesha SHOW GRANTS?

DEVELOPA: Akaunti yangu inaitwa ripoti. Mimi ni ripoti.

MTUNZA: Ripoti yupi? Kwenye MySQL akaunti ni jina pamoja na mahali unapotokea. Ripoti anayeingilia localhost na ripoti anayetokea kompyuta nyingine wanaweza kuwa watu wawili wenye nywila mbili na haki mbili. Uliza CURRENT_USER() uone seva imekutambua kama nani. Watu wanakaa mchana kutwa kumwongezea haki ripoti wa kwanza, wakati anayegonga mlango ni ripoti wa pili.

DEVELOPA: Sawa, hilo nalichukua. Nikishajijua, kutoa skima kunahitaji nini hasa? Nitajie mara moja niandike.

MTUNZA: SELECT kwenye majedwali. SHOW VIEW kama kuna mwonekano, lile jedwali lisilo na data yake lenyewe, linachungulia ya wenzake. TRIGGER kama kuna triga. LOCK TABLES, ila ukitumia --single-transaction hiyo huihitaji. Taratibu zilizohifadhiwa na matukio ya ratiba havitoki mpaka uviombe kwa --routines na --events, navyo vina haki zake.

DEVELOPA: Na ule mwonekano wa mauzo ya wiki, uliogoma mwezi wa pili ukisema mwenyewe hayupo?

MTUNZA: Kosa namba 1449. Huo ulitengenezwa na fundi aliyeacha kazi. Mwonekano hukumbuka aliyeuunda na unaweza kuendeshwa kwa haki zake yeye, nasi tulikuwa tumemfuta akaunti siku anaondoka, kama inavyotakiwa. Hapo hata root hakuokoi, maana inayokosekana ni akaunti marehemu. Unaangalia safu ya DEFINER kwenye information_schema, unautengeneza upya kwa jina la mtu aliyepo.

DEVELOPA: Vizuri. Sasa dada, nikukumbushe Machi.

Mtunza ananyamaza. Machi anaijua.

DEVELOPA: Machi nilikuomba skima hii hii ukakataa. Ukanipa faili la kazi ya usiku, lile linalotolewa na akaunti ya nakala. Nikaondoa data, nikajenga seva ya majaribio. Hakuna kosa lililotokea, si kwenye kutoa wala kwenye kuingiza. Nikauza soda mia, stoo haipungui. Nikauza mia nyingine, stoo ile ile. Nikafungua msimbo wangu mstari kwa mstari, siku mbili, nikimlaani aliyeandika, na aliyeandika ni mimi.

MTUNZA: Triga.

DEVELOPA: Triga! Inayopunguza stoo kila mauzo yanapoingia haikuwemo kwenye faili. Akaunti ya nakala uliipa SELECT, ukainyima TRIGGER. Na mysqldump haikusema kitu. Asiye na haki hiyo haonyeshwi triga, na asichokiona hakiandiki. Kwa tablespace, nisizozihitaji, inapiga ukunga. Kwa triga, ambazo bila hizo duka haliendeshwi, inanyamaza kama maji ya mtungi. Nani kati yetu sasa ana usalama, mimi ninayeomba root au wewe mwenye haki chache?

MKAGUZI: Hapo amekupata, mama.

MTUNZA: Amenipata. Lakini kosa lililonipata halikuwa la kunyima, lilikuwa la kunyima bila kuhakikisha matokeo.

Hapa ndipo mjadala wenyewe ulipo, na mengine yote niliyoyaandika juu ni ya kufika hapa. Tumezoea kuliogopa neno la kukataliwa kwa sababu ni jekundu na linasimamisha kazi. Ila neno hilo ni uungwana: mtu amekwambia hapana, ukajua. Cha kuogopwa ni ruhusa iliyopungua bila neno, faili likatoka zuri, linafunguka, lina tarehe ya leo, na pungufu.

MySQL imejengwa hivyo kwa makusudi, wala si kwa uzembe. Mtu asiye na haki yoyote juu ya jedwali haonyeshwi kwamba jedwali hilo lipo. Ukiandika SHOW TABLES unaletewa yale tu unayohusika nayo. Kwa siri za watu ni tabia njema, maana jina la jedwali pekee linaweza kusema mengi. Kwa nakala rudufu ni mtego, kwa sababu akaunti yenye haki juu ya majedwali 40 kati ya 50 itatoa skima ya majedwali 40 na kuripoti kwamba imemaliza.

DEVELOPA: PostgreSQL haifanyi hivyo. Tulikuwa nayo ofisi iliyopita.

MTUNZA: PostgreSQL huorodhesha majina yote kwa kila mtu, haki yako iwe na ukubwa wowote. Kisha pg_dump, mysqldump ya huko, inayafunga majedwali yote inayotaka kuyatoa kwa kufuli jepesi la ACCESS SHARE, mtu asije akafuta jedwali au kulibadili umbo wakati yenyewe ipo katikati ya kuliandika. Kufuli hilo linadai SELECT. Ukikosa kwa jedwali moja, kazi nzima inasimama na jina la jedwali linatajwa.

DEVELOPA: Na hilo ndilo lililonichosha. Skima tupu, --schema-only, sina haja na mshahara wa mtu, halafu jedwali la mishahara moja linaangusha majedwali mia mbili. Eti nihitaji haki ya kusoma mishahara ili nijue kwamba jedwali la mishahara lina safu ya tarehe!

MTUNZA: Uliliruka?

DEVELOPA: Nililiruka, kwa -T. Nikaandika kwenye faili la maelezo kwamba nimeliruka.

MTUNZA: Umeona sasa? Uliandika kwa sababu pg_dump ilikulazimisha kujua. Kwangu mimi Machi hakuna aliyenilazimisha.

Sikubaliani na developa kwamba ukali wa pg_dump ni ushamba. Watengenezaji wake wameuchagua, na wameurudia. Kwenye hifadhidata yenye sera zinazoficha baadhi ya mistari kwa baadhi ya watu, pg_dump inapotoa data huzima uchujaji huo, na kama akaunti haina haki ya kuona mistari yote inapata kosa. Inakataa kutoa nusu huku ikijidai imetoa yote. Unaweza kuilazimisha ichukue nusu, lakini ni lazima uiandikie kwa mkono wako.

Neno moja la pembeni kwa wanaohama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL: skima yenyewe si kitu kimoja huko na huku. Kwa MySQL, SCHEMA ni jina lingine la hifadhidata. Kwa PostgreSQL ni chumba ndani ya hifadhidata, na mlangoni pake kuna haki yake, USAGE. Ukiambiwa umekataliwa skima, usikimbilie kuongeza SELECT. Bado uko nje ya mlango.

MKAGUZI: Mimi nina swali la mtu asiyejua. Akaunti ya kusoma ikishapewa SELECT kwa majedwali yote, si imekwisha?

DEVELOPA: Mzee, hilo ndilo lililotupata. Tulitoa haki Ijumaa kwa majedwali yote. Jumatatu asubuhi pg_dump imegoma.

MTUNZA: Kwa sababu majedwali yote maana yake ni yaliyopo Ijumaa. Jumamosi mtu akiongeza jedwali jipya, halimo. Unatakiwa uandike na ALTER DEFAULT PRIVILEGES, na hiyo nayo hufuata mtu: ukiiandika kwa majedwali yatakayotengenezwa na admin, jedwali litakalotengenezwa na developa haliihusu. Tangu toleo la 14, la 2021, kuna njia fupi, jukumu liitwalo pg_read_all_data. Ukimpa mtu hilo, anasoma yote, ya leo na ya kesho.

MKAGUZI: Na mishahara?

MTUNZA: Na mishahara.

MKAGUZI: Basi hiyo njia fupi inapita sebuleni kwangu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na Wakenya wana yao ya 2019. Skima tupu haina taarifa binafsi ya mtu. Lakini akaunti mliyoitengeneza ili itoe skima tupu, kumbe inaweza kusoma mshahara wangu na namba yangu ya simu. Mimi siwaulizi mlikusudia nini. Nauliza akaunti inaweza nini.

DEVELOPA: Akaunti ya nakala rudufu lazima isome yote, mzee, la sivyo nakala ya nini?

MKAGUZI: Ya nakala, sawa, ikae kwenye seva, iendeshwe na mashine, nywila isiwe kwenye kichwa cha mtu. Ya kwako wewe ni nyingine. Mbona mnataka ufunguo mmoja ufanye kazi mbili?

Hakuna aliyemjibu. Nami sina la kuongeza.

Kuna kukataliwa kwa aina ya tatu, na hifadhidata haihusiki nako kabisa. Mtu anaandika sudo, kisha mysqldump, kisha alama ya mshale na njia ya faili kwenye folda ya nakala. Anaambiwa hana ruhusa. Anakwenda kuongeza haki kwenye hifadhidata, bado. Anapewa root ya hifadhidata, bado. Shida ni kwamba faili hufunguliwa na sheli (si ile ya mafuta, ni programu inayopokea amri unazoandika), na sheli ni ya mtumiaji wa kawaida. Sudo imeinyanyua mysqldump peke yake, mshale ukabaki chini. Dawa yake ni kuandikia kwenye folda yako mwenyewe, au kumpa sudo amri nzima.

Na mshale huo ndio ulioniponza. Nisimulie, maana nimewasema wenzangu vya kutosha.

Sheli hufungua faili kabla amri haijaanza. Kama faili la jana lina jina hilo hilo, linafutwa likawa tupu, kisha ndipo mysqldump inakwenda kugonga mlango wa hifadhidata. Ikikataliwa mlangoni, umebaki bila ya leo na umeshaifuta ya jana. Sisi tulijiona wajanja, tukaweka tarehe kwenye jina la faili, na tukapitisha matokeo kwenye gzip kwa bomba ili tuokoe nafasi. Tukabadilisha nywila ya akaunti ya nakala, kama sera inavyotaka, tukasahau kuibadilisha kwenye hati ya kazi ya usiku. mysqldump ikawa inakataliwa kila saa nane usiku. Lakini kwenye bomba, hali inayorudishwa ni ya amri ya mwisho, na amri ya mwisho ni gzip, ambayo haina ugomvi na mtu: imepewa hewa, imebana hewa, imefaulu. Kila asubuhi faili jipya, tarehe sahihi, mwisho wake .sql.gz. Nilikuwa naingia kwenye folda, naona faili la leo, natoka kwenda kunywa chai. Wiki sita. Safu ya ukubwa ilikuwa pale pale upande wa kushoto wa jina, na kila mstari ulisema 20. Baiti 20 ndio uzito wa gzip isiyo na kitu ndani.

DEVELOPA: Ungeweka pipefail, amri moja ikishindwa bomba zima lihesabiwe limeshindwa.

Ningeweka. Sasa naiweka, neno moja juu ya hati. Hatukupoteza data, kwa sababu seva haikufa katika wiki hizo, na hiyo ni bahati tu.

MKAGUZI: Na wakubwa nao yamewakuta?

Yamewakuta. Tarehe 31 Januari 2017 injinia wa GitLab alifuta folda ya data kwenye seva isiyo yenyewe, kiasi cha GB 300. Walipokwenda kwenye nakala za pg_dump wakakuta hazipo: pg_dump iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo ilikuwa inagoma kila mara. Barua pepe za kuwaambia hivyo zilikuwa zinatumwa, na zinakataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa uthibitisho. Waliokolewa na picha ya diski ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kisa chao chanzo chake si ruhusa, ni toleo la programu, lakini wagonjwa hawa ni ndugu. Waliyaandika yote hadharani wenyewe, na kwa hilo nawavulia kofia.

MTUNZA: Haya, toa hukumu tufunge ofisi.

Hukumu yangu. Root hapewi, hata kwa dakika tano, hata Ijumaa. Hilo Mtunza kashinda. Developa kashinda kwamba akaunti ya kutolea skima itengenezwe kabla hajaiomba, haki zake ziandikwe kwenye faili ambalo kila mtu analiona, na jedwali jipya likiongezwa, haki yake iongezwe kwenye hati hiyo hiyo inayoliongeza. Siku nne za kusubiri sahihi zifutwe. Na kwa wote wawili: faili lisihesabiwe kuwa limetoka kwa sababu halikutoa kosa.

MKAGUZI: Nyie mmehukumiana, lakini hamjahesabu. Hilo faili la usiku lililomletea kijana soda zisizopungua, mama, triga si umezirudisha?

MTUNZA: Aprili. Niliipa akaunti haki ya TRIGGER, nikajaribu, zikatoka.

MKAGUZI: Na majedwali?

MTUNZA: Majedwali niliyapa SELECT moja moja nilipoitengeneza akaunti, mwaka 2021. Sikutaka iguse mishahara.

MKAGUZI: Moja moja. Tuhesabu.

DEVELOPA: Nahesabu. Naingia kwa akaunti ya nakala niulize yako mangapi.

MKAGUZI: Usiingie kwa hiyo. Karani hakagui leja yake mwenyewe.

Alikuwa sahihi, na mimi sikuwa nimeliona. Ukihesabu kwa akaunti ile ile iliyotoa faili, hesabu itakubaliana na faili daima, kwa sababu yasiyoonekana na faili hayaonekani na hesabu pia. Mtunza akaingia mwenyewe, kwa root, akauliza information_schema idadi ya majedwali halisi ya hifadhidata ya mauzo, bila mionekano. Developa akafungua faili la usiku wa jana na kuhesabu mistari inayoanza na CREATE TABLE.

Root: 190. Faili: 186.

Moja ni mishahara, iliyoachwa kwa kusudi. Matatu yaliongezwa baada ya 2021, na mojawapo ndilo linalobeba malipo yote ya simu. Kumbukumbu ya kazi ya usiku, tangu Aprili hadi jana, haina kosa hata moja.